Fedha ya Mgeni Yaenda kwa Nani?

Ndugu msomaji, kabla sijakusimulia safari yangu nataka kukuuliza jambo moja. Mgeni akija katika mji wenye sifa, akatazama majumba ya kale, akala, akalala, akanunua zawadi, kisha akaenda zake, fedha aliyoiacha imebaki mkononi mwa nani? Wengi wetu hatuulizi. Twaona gari limejaa watu, twasema, "Leo wageni ni wengi, mji utapata." Lakini mji hauna mfuko. Wenye mifuko ni watu, tena si wote.

Mimi nauliza kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nina hoteli ndogo ya chakula huko Bagamoyo, meza sita na majiko mawili ya mkaa, na kwa miaka mingi nimewatazama wageni wakishuka penye magofu, wakipiga picha, wakisikiliza habari za watumwa kwa huzuni kubwa, kisha wakipanda gari lao na kuondoka. Wengi hawali hata kitumbua kimoja. Maji ya kunywa wamekuja nayo kutoka huko walikolala. Siwalaumu sana, maana hakuna aliyewaambia. Basi nilipopata bahati ya kuwa mgeni mimi mwenyewe, katika mji wa watu wengine, niliazimia kuiangalia fedha yangu inaingia wapi.

Bahati yenyewe ilitoka kwa binti wa marehemu mdogo wangu. Mtoto huyo alipata nafasi ya kusomea ufamasia katika Chuo Kikuu cha Xavier, mjini New Orleans, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1925 na Mtakatifu Katharine Drexel pamoja na masista wake, na mpaka leo ndicho chuo kikuu pekee cha Kikatoliki katika nchi ile kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi. Alipohitimu akanitumia tikiti ya ndege. Nauli sikulipa hata senti moja, lakini fedha ya matumizi niliibeba mwenyewe, dola 300, nazo zilikuwa zimetoka katika samaki na mihogo. Fedha ya namna hiyo mtu haichezei.

New Orleans ni mji wa kale kwa hesabu ya Marekani. Wafaransa waliuanzisha mwaka 1718 kwenye ukingo wa mto mkubwa Mississippi. Baadaye ukawa chini ya Wahispania, na mwaka 1803 Ufaransa, iliyokuwa imekwisha kuupata tena, ikauuza pamoja na nchi yote ya Louisiana kwa serikali ya Marekani. Sehemu ya kale huitwa Mtaa wa Wafaransa. Kuna nyumba zenye roshani za chuma kilichofumwa kama kamba, kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Louis, kuna wapiga tarumbeta kila pembe, na wageni hujaa humo kama siafu. Sasa fikiri, ni nani aliyeyatengeneza yale matofali, akayapanga, akakichoma kile chuma? Wengi wa mafundi hao walikuwa Waafrika na watoto wa Waafrika, wengine watumwa, wengine watu weusi waliokuwa huru. Hata leo zaidi ya nusu ya wenyeji wa mji ni watu weusi. Lakini nilipozunguka ule mtaa siku ya kwanza, niliwaona wakifagia, wakibeba mizigo, wakipiga ngoma, wakifungua milango ya hoteli. Nyuma ya sanduku la fedha sikuwaona sana.

Wala usidhani hawajui biashara. Wao wameanza biashara tangu wakiwa katika minyororo! Sheria ya Wafaransa ya mwaka 1724 ilikataza watumwa wasifanyishwe kazi siku ya Jumapili, basi siku hiyo wao walileta mboga, kuku na vitu vya mikono yao, wakauza. Walikusanyika katika uwanja ulio nyuma ya mji, na jina lake mpaka sasa ni Congo Square, yaani Uwanja wa Kongo. Palikuwa na soko, palikuwa na ngoma na kucheza. Tena wanawake walipita njiani na vikapu kichwani, wakinadi chakula kiitwacho "calas". Nilipoelezwa jinsi kinavyotengenezwa nilicheka peke yangu: wali uliopikwa ukalainika, ukapondwa, ukatiwa unga, mayai na sukari, kisha ukakaangwa katika mafuta ya moto, ukaliwa asubuhi na kahawa. Akina mama, si ndugu yake kitumbua huyo? Na katika siku za Wahispania sheria ilimruhusu mtumwa kujinunua mwenyewe kwa bei iliyopangwa. Wako wanawake walioweka senti kwa senti kutoka katika vikapu hivyo, mpaka wakazinunua shingo zao. Hebu tulia kidogo uifikiri habari hiyo. Mimi nakaanga vitumbua kila alfajiri, wala sikuwahi kuwaza kwamba karai la vitumbua laweza kumtoa mtu utumwani.

Jumapili tulisali katika kanisa la Mtakatifu Augustino, katika mtaa wa Tremé, ambao ni moja ya mitaa ya kale kabisa ya watu weusi huko Marekani. Kanisa lilibarikiwa mwaka 1842. Siku zile viti vya kanisani vililipiwa, na parokia husimulia mpaka leo habari ya vita vya viti. Watu weusi waliokuwa huru walianza kulipia viti vya jamaa zao, Wazungu waliposikia wakaanza nao kulipia ili wawapite, na weusi wakashinda: kila Wazungu walipolipia kiti kimoja, wao walilipia vitatu. Kisha wakavilipia viti vyote vya pembeni, kushoto na kulia, wakawapa watumwa wakae. Mwaka uleule, mjini humo humo, Henriette Delille, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru, aliweka msingi wa Masista wa Familia Takatifu, waliofundisha watoto wa watumwa na kutunza wazee. Mwaka 2010 Papa Benedikto wa 16 alimtangaza kuwa Mheshimiwa. Nimekaa katika kimoja cha viti vile vya pembeni. Ni mbao tu, lakini sikupenda kusimama.

Baada ya Misa ndipo tulipobishana. Alikuwako Mtanzania mwenzetu mmoja, mtu mwema, aliyekaa nchi ile miaka mingi, naye ndiye aliyetuchukua kwa gari lake. Nilimwambia nataka kula na kununua kwa watu weusi, wenye maduka yao wenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, ukichagua duka kwa kutazama rangi ya mwenye duka, una tofauti gani na wale waliotubagua? Mkristo ni wa kununua popote penye kitu kizuri na bei ya haki."

Msomaji, neno hilo si la kupuuzwa. Mimi pia nimefundishwa kwamba mbele ya Mungu hakuna Myahudi wala Myunani. Sikumjibu upesi, tukaenda kwa gari kimya kimya, na njia yenyewe ikanisaidia kujibu, maana tulipita chini ya barabara ya Claiborne.

Hapo zamani Claiborne ilikuwa barabara pana yenye safu za miti mikubwa ya mialoni katikati, na kivuli chake kilikuwa ukumbi wa watu weusi. Watoto walicheza pale, na wakati wa sikukuu ya Mardi Gras, kabla ya Jumatano ya Majivu, jamaa walikula na kuimba pale, maana kwingine hawakukaribishwa. Kandokando yalikuwa maduka yao: famasia, washonaji, wazikaji, kampuni za bima, vyumba vya muziki. Kwa nini yalikusanyika pale? Kwa sababu sheria iliwasukuma. Mwaka 1892 fundi viatu mmoja wa mji huo, Homer Plessy, alipanda behewa la Wazungu kwa makusudi ili aijaribu sheria ya ubaguzi, akakamatwa. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba kuwatenga watu si kosa, mradi wapewe vitu sawasawa. Sawasawa gani! Kwa zaidi ya miaka hamsini mtu mweusi hakuweza kukaa kula katika maduka makubwa ya barabara ya Canal, ingawa fedha yake waliipokea. (Plessy alisamehewa na gavana wa Louisiana mwaka 2022. Alikuwa amekwisha kufa karibu miaka mia.)

Basi watu waliotengwa wakajijengea. Kisha mwaka 1966 mialoni ikakatwa, na juu ya Claiborne ikajengwa barabara kuu ya magari, imesimama juu ya nguzo za zege, inanguruma usiku na mchana. Maduka mengi yakafa. Mtaa wa Wafaransa nao ulikuwa umetakiwa kupitishiwa barabara kubwa ukingoni mwa mto, lakini watu wenye sauti walipinga, na mwaka 1969 serikali ikaifuta. Wa Claiborne hawakusikilizwa. Ndiyo sababu mgeni wa leo anaona mtaa mmoja mzuri wenye roshani, na mtaa mwingine wenye nguzo za zege, naye anadhani ndivyo walivyo wenyewe.

Nikamwambia yule ndugu, "Waliotubagua waliweka kufuli mlangoni. Mimi simfungii mtu mlango wake. Naingia mlango ambao wageni hawaonyeshwi." Akasema, "Sawa, Mama, lakini chakula kikiwa kibaya?" Nikamwambia, "Kikiwa kibaya nitakirudisha." Na nilikirudisha kweli, siku ya tatu, mahali pamoja padogo ambapo jina lake silitaji: samaki alikuja baridi katikati. Nilimwita binti aliyetuhudumia, nikamwambia kwa adabu, akaleta mwingine moto. Lazima nilisema hilo, maana nimeona wageni wa huruma, hata kwangu Bagamoyo. Hula chakula kibaya kwa tabasamu, wakalipa, wasirudi tena. Huyo si mteja. Sadaka ina mahali pake, na mwenye hoteli anataka mtu atakayemwambia kwamba chumvi imezidi.

Mahali nilipopenda kuliko pote ni Dooky Chase's, katika barabara ya Orleans. Hoteli hiyo ilianza kama kibanda cha kuuza mikate iliyotiwa nyama, na tangu mwaka 1941 iko pale ilipo. Mwaka 1946 kijana wa nyumba hiyo alimwoa Leah, msichana Mkatoliki aliyesoma shule ya Mtakatifu Maria, ya masista walewale wa Henriette Delille. Leah alikuwa amefanya kazi ya kuhudumia meza katika Mtaa wa Wafaransa, akaona jinsi Wazungu wanavyoandaliwa, vitambaa vyeupe mezani na uma zilizopangwa. Akasema watu wake nao wataandaliwa hivyo. Akaibadili hoteli ya mkwewe. Siku ya mshahara wafanyakazi weusi walibadilisha hundi zao pale, maana benki hazikuwataka. Na katika chumba cha juu, miaka ya 1950 na 1960, watu weusi na weupe waliopigania haki za raia walikaa pamoja wakipanga kazi yao na kula, jambo ambalo sheria ilikataza. Martin Luther King alikula pale. Mwaka 1961 walikula pale vijana waliosafiri kwa mabasi kuupinga ubaguzi.

Chakula chenyewe huitwa "gumbo". Wataalamu wengi husema neno hilo lilitoka Afrika, katika lugha za Kibantu, nalo maana yake bamia. Unga wa ngano hukaangwa polepole katika mafuta, mpishi akikoroga asipumzike, mpaka uwe na rangi ya kahawa. Ukiungua kidogo, mwaga, anza tena. Ndipo hutiwa vitunguu, pilipili hoho, supu, kamba, kaa, soseji, na kuliwa kwa wali. Alhamisi Kuu hupikwa gumbo ya namna nyingine, ya majani mabichi mengi mbalimbali pamoja na nyama, ili watu washibe kabla ya mfungo wa Ijumaa Kuu. Na hesabu ya majani hayo haitakiwi kugawanyika kwa mbili. Mama Leah alikuwa hodari wa hiyo. Alikuwa mkali pia. Barack Obama alipokula pale alitia pilipili ya chupa katika gumbo kabla ya kuionja, akakemewa na mama huyo kama mtoto. Nami nasema alistahili! Mtu hutia pilipili baada ya kuonja.

Tarehe 29 Agosti 2005 ilikuja tufani iliyoitwa Katrina. Kuta za kuzuia maji zilivunjika, na sehemu nane kwa kumi za mji zikafunikwa. Maji yaliingia Dooky Chase's pia. Mama Leah alikuwa na umri wa miaka 82. Yeye na mume wake walikaa katika nyumba ndogo ya muda, ya magurudumu, ng'ambo ya barabara, wakiitazama hoteli yao mpaka ikafunguliwa tena mwaka 2007. Watu wa dini na wa rangi mbalimbali walichanga ili ifunguliwe. Wangapi walichangiwa hivyo? Maduka mengi madogo ya watu weusi hayakurudi, na watu wenyewe wengi walitawanyika wasirudi. Mama Leah alifariki mwaka 2019, akiwa na miaka 96, na jamaa yake wanaendelea.

Nililipa pale fedha nyingi kuliko nilivyozoea kulipa kwa chakula, msomaji, sitakuficha. Hesabu ilipokuja moyo uliruka. Kwa dola zile mimi nalisha watu thelathini. Lakini nilihesabu pia, maana ni tabia yangu: kamba wale wamenunuliwa kwa mvuvi, wali, wafanyakazi, umeme, kodi, na kitambaa cheupe kinachofuliwa kila siku. Mwenye kuzoea chungu anajua kwamba bei ile haikuwa ya tamaa.

Kumbuka tena kwamba zamani msafiri mweusi wa Marekani hakuwa na hiari katika mambo haya. Kuanzia mwaka 1936 mpeleka barua mmoja, mkazi wa New York, Victor Green, alichapa kijitabu kilichotaja hoteli, nyumba za kulala na maduka ambapo mtu mweusi angepokelewa bila kufukuzwa. Jamaa walikichukua garini kama tunavyochukua maji. Sheria ya mwaka 1964 ilipofungua milango yote, kila mtu alishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini wateja weusi wakaenda kuonja kule walikokatazwa, na wale waliowalaza na kuwalisha miaka yote wakabaki na viti vitupu, maana wateja weupe hawakuja kwao kwa hesabu ileile.

Je, mgeni afanyeje ili aijue milango hiyo? Mimi niliuliza. Niliuliza akina mama nje ya kanisa, na kina mama wa kanisani wanajua kila kitu dunia nzima. Walinituma Bayou Road, njia ya kale kuliko mji wenyewe, ambapo kuna duka la vitabu liitwalo Community Book Center, lililoanza mwaka 1983, na maduka mengine yanayoendeshwa na wanawake weusi. Walinieleza vyama vyao vya kusaidiana. Hivi vilianza kama vyama vyetu vya kufa na kuzikana: wanachama walitoa mchango, chama kikalipa daktari, kikalipa jeneza, kikaleta na bendi ya tarumbeta ya kumsindikiza marehemu. Katika vyama vya namna hiyo zilizaliwa kampuni za bima za watu weusi. Kwetu michango bado inaishia kwenye sanda na mchele. Hilo nimerudi nalo kwa mwenyekiti wetu, naye amesema atalifikiri, tuone.

Jambo jingine: geuza kitu uone kimetengenezwa wapi. Katika Mtaa wa Wafaransa niliona fulana zenye jina la mji, vinyago na shanga, na vingi vimetoka nchi za mbali kwa makontena. Shanga zile hata hazijawahi kuonja maji ya Mississippi. Nikaziacha.

Zawadi nilinunua za kashata. Wao huziita "pralines", za sukari, maziwa na kokwa za mti uitwao pekani, nazo tangu zamani zilipikwa na kuuzwa njiani na wanawake weusi. Loretta Harrison, aliyefariki mwaka 2022, alizifanya kuwa biashara kamili yenye jina lake mwenyewe. Mimi niliingia kwa mama mwingine, mwenye kiduka kidogo sana, sufuria yake i palepale nyuma ya meza. Nilimwona akimimina kashata kwa kijiko juu ya jiwe la marumaru, duara baada ya duara, mkono hautetemeki. Nilijua ni mwenzangu. Mwanangu alipomtafsiria kwamba nina hoteli Afrika, aliacha kijiko akauliza bamia tunapikaje. Nikamwambia: kwa nazi, nyanya kidogo, na bilauri usizikoroge mno zisije zikateleza. Akachukua karatasi ya kufungia akaandika yote, akauliza nazi tunaikunaje, mwanangu akamchorea mbuzi wa kukunia. Wakanunua wengine wawili nyuma yetu, wakangoja.

Kisha nikachagua vipande kumi na viwili. Nilidhani atanipunguzia, kwa ajili ya yale mazungumzo. Akapiga hesabu, akataja bei yote, na senti zake. Nikamtazama, naye akanitazama. Nikalipa.